Kazi Namba 214 Haifutiki

Kibuli, Jumatano 4 Juni 2025

Estelle mdogo wangu,

Naandika barua pepe kama karani wa zamani kwa sababu simu siwezi. Papa ametoka hospitali ya Mengo tangu Jumapili. Daktari amesema apumzike, na kwa Papa kupumzika ni kusimama nyuma ya mgongo wangu na kusikiliza kila ninachosema. Ujumbe wa sauti nao usithubutu kutuma. Juzi alishika simu yangu, akasikiliza salamu zote za mama mkwe wangu, kisha akanieleza sehemu alizodanganya.

Lakini furahi kwanza. Yule mtu niliyekulilia habari zake mwezi uliopita, leo amekula bugali sahani mbili akalalamika kwamba watu wa Kampala hawajui kusonga. Analala nami chumba cha nyuma ya duka. Nikiamka nakuta ameshapanga upya karatasi za rafu, nyeupe huku, za rangi kule, na mimi mwenye duka namuuliza mgeni wangu A4 ziko wapi.

Sasa nina shida, ndogo tu, usicheke. Kwenye zile kompyuta ulizotuwekea Linux kuna kazi ya kuchapa imekwama. Niliituma siku ambayo printa ilikuwa imeishiwa wino. Wino mpya ninao, ila sijautia, maana nikiutia tu ile kazi itatoka, na mimi siitaki itoke. Nimebofya kuifuta. Mashine inaniambia sina ruhusa. Mimi, katika duka lenye jina langu mlangoni. Nimejaribu kwa upole, nimejaribu kwa hasira, na mara moja nilijaribu nikiwa nimefumba macho.

Ni tangazo la mteja tu, amebadilisha mawazo. Nieleze namna ya kulifuta, kwa maneno ya watu wa umri wangu.

Kaka yako,
Anselme

*

Eldoret, Alhamisi 5 Juni

Yaya Anselme, kaka yangu mkubwa,

Papa akila sahani mbili mpe ya tatu, nitalipia kwa sala.

Kuhusu mashine. Kwenye Linux kila kazi ya kuchapa ina mwenyewe: ni yule aliyekuwa ameingia kwa jina lake wakati kazi inatumwa. Mwenye kazi anaweza kuifuta. Mtu mwingine hawezi, isipokuwa awe kwenye kikundi cha wasimamizi wa printa. Wewe nilikuondoa kwenye kikundi hicho, na ni wewe uliyeniomba. Umesahau mtihani wa madrasa wa Sheikh Abdul-Karim? Uliufuta ukidhani umetumwa mara mbili, sheikh akaja na watoto wamekaa wanangoja. Jioni ile uliniambia, nakunukuu, "Niondolee hicho kitufe kabla sijafukuza mtaa mzima." Nilikuondolea. Usiulaumu mtambo kwa utii wake.

Kuzima printa hakusaidii. Kazi haikai kwenye printa, inakaa kwenye foleni ndani ya kompyuta, na itangoja kuliko wewe. Fungua ile skrini nyeusi unayoiogopa, andika lpstat -o kisha bonyeza enta. Utaona namba ya kazi, na kando yake jina la mwenyewe. Mwenyewe huyo akae hapo kwa jina lake, aandike cancel na namba. Basi.

Halafu, kwa nini unahangaika na tangazo la mteja? Liache litoke. Nyuma ya karatasi watoto wa jirani watachorea.

Estelle

*

Kibuli, Jumatatu 9 Juni

Estelle,

Skrini nyeusi nimeifungua na bado niko hai. Namba ni 214 na mwenye kazi ni Rukiah wetu wa dukani.

Ni kweli, nakumbuka sasa. Siku ile nilikaa kwenye kompyuta yake yeye, karibu na dirisha, wakati amepanda msikitini kwa swala ya Ijumaa. Alikuwa ameiacha wazi kwa jina lake. Kompyuta yenyewe haipo tena: wiki iliyopita umeme ulipanda ghafla, ikatoa harufu kama nywele zinazoungua, ikafa. Imebaki hii yangu iliyoungwa na printa, na foleni imo humu.

Rukiah alikuwa mapumziko ya Idi, amerudi leo na sambusa. Nikamwomba kabla hata hajavua mtandio. Akakaa kwenye kompyuta yangu, akaingia kwa jina lake, akaandika cancel 214. Mashine ikamwambia naye hana ruhusa. Akaitazama kama mtu aliyekanwa na shangazi yake msibani. "Bosi," akasema, "hii kitu inanijua kila asubuhi, leo haimjui Rukiah?"

Huku wateja wananichosha. Wanafunzi wana barua zao, mama mmoja ana kadi za ubatizo, na wote nawaambia printa ni mgonjwa. Rukiah anawapeleka duka la ng'ambo ya barabara na uso wa mtu anayemtoa mtoto wake kulelewa. Ila asiyekubali ni Papa. Unajua miaka aliyosimama kwenye mtambo wa kiwanda cha kuchapa cha parokia kule Bukavu. Anaizunguka printa yangu kutwa nzima. Anaiinamia, anaigonga ubavuni, anainusa. Jana nilimkuta ameshafungua kifuniko. Ananiuliza wino uko wapi, namwambia umeagizwa. Ananiuliza umeagizwa kwa nani, naanza kukohoa. Katriji ya wino nimeificha kwenye gunia la makaa, na kila akienda kuchemsha maji moyo wangu unapanda naye.

Nitumie neno la siri la msimamizi nimalize jambo hili.

Anselme

*

Eldoret, Jumatatu 9 Juni, jioni

Yaya,

Mtu hafichi wino kwenye makaa kwa ajili ya tangazo la mteja.

Neno la siri sikupi mpaka uniambie ni nini hicho. Ukilipata unaweza kufuta kazi, ndiyo, lakini pia unaweza kufuta duka lote, na mimi nakujua mkono wako unavyokimbia ukiwa na wasiwasi.

Na jambo la pili. Kama kazi ni ya Rukiah, na Rukiah ameingia kwa jina lake, haiwezekani akataliwe. Kuna kitu umekisoma vibaya. Usiniandikie unachodhani umeona. Nakili ule mstari herufi kwa herufi kama ulivyo.

Estelle

*

Kibuli, Jumatano 11 Juni

Estelle,

Nimengoja Papa alale mchana, na hata hivyo halali, anageuka geuka tu kitandani na kitanda kinalia. Nitaandika upesi.

Mstari wenyewe ni huu, nimeunakili kama mtoto wa darasa la kwanza: 214, lukiah. Ndiyo, kwa L. Mara zote nilisoma Rukiah kwa sababu najua anaitwa Rukiah. Jicho langu limezoea kusahihisha watu wa mji huu.

Sasa lile lingine. Ijumaa ile ya mwezi wa tano daktari aliniita kwenye ukumbi, akaniambia niite ndugu. Nilikupigia, unakumbuka, ukaniambia nisiseme maneno hayo, kisha ukakata simu. Mimi sikujua kukaa bila kufanya kitu. Nilirudi dukani, nikaketi penye kiti kilicho wazi, nikaandika ratiba ya mazishi ya Papa. Jina lake kamili, Ambroise na mengine yote. Picha ile ya tai nyekundu. Nyimbo, masomo, nani atasema nini. Nakala mia. Nikabofya, wino ukawa umekwisha, nikarudi hospitali. Na alfajiri yake akafungua macho akaomba chai.

Huenda angecheka kuiona. Ni mtu wa kucheka mambo kama hayo. Lakini mle ndani nimeandika atazikwa makaburi ya parokia, upande wa Luzira.

Unajua alichotuapisha. Alitushika mikono, wewe huku mimi kule, tukasema tutamrudisha Bukavu, kando ya Mama. Nami niliuliza, Estelle. Niliwauliza wenye malori, nikamuuliza padri, nikamuuliza Bienfait anayejua kila kizuizi cha barabara ile. Hakuna aliyekubali kupitisha jeneza mwaka huu, kwa vita iliyoko kule. Basi nikaamua peke yangu, sikukuambia. Nilijua utapigana nami, na sikuwa na nguvu ya kupigana na kuzika kwa pamoja.

Akiiona karatasi ile hataona kwamba nilimwandalia mazishi. Ataona kwamba kiapo nilikivunja akiwa bado anapumua. Ndiyo maana wino uko kwenye makaa.

Anselme

*

Eldoret, Jumatano 11 Juni, saa moja baadaye

Yaya,

Ungesema haya wiki iliyopita ningekupa neno la siri siku hiyo hiyo, na leo usingekuwa unafuga wino.

Ile L ni yangu na yako. Nilipoiandaa ile ya dirishani nilikuwa huku, ukanitajia majina kwa simu. Umekaa Kampala mpaka R yako ya mwanzo wa jina imekuwa L kama ya majirani. Ulisema Lukiah, nikaandika lukiah. Hiyo yako niliiandaa nilipokuja Krismasi, nikamuuliza mwenyewe, Mnubi wa watu asiyechanganya R na L, akanitajia jina lake kama baba yake alivyompa. Kwa macho yetu ni mtu mmoja. Kwa mashine ni wanawake wawili wasiojuana, na aliyetuma kazi yako ameungua pamoja na kompyuta yake.

Ingia kama msimamizi. Neno la siri ni lile jina Papa alilokuwa akimwita Mama akiwa na furaha. Herufi ndogo zote, bila nafasi. Kisha cancel 214. Fanya sasa hivi, usingoje kumaliza kusoma.

Umesoma mpaka hapa, kwa hiyo hujafanya.

Kuhusu Luzira sina la kusema leo. Hukuniuliza. Mama yuko kule peke yake na wewe hukuniuliza.

Estelle

*

Kibuli, Alhamisi 12 Juni

Estelle,

Barua yako niliifungua jana jioni, mambo yakiwa yamekwisha.

Nilikuwa nimekwenda Mengo kuchukua dawa zake. Nikirudi, nimeshuka tu kwenye boda, nikasikia sauti kutoka dukani. Unaijua ile sauti ya printa ikivuta karatasi, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Rukiah alikuwa mlangoni, kiganja mdomoni. Aliniambia baadaye alijaribu kumzuia, lakini mzee alikuwa ametoka jikoni mikono myeusi ya makaa na katriji mkononi, akamwambia kwa adabu, "Mwanangu, sogea kidogo, kuna mgonjwa hapa." Nani angebaki amesimama?

Nilikimbilia kibodi. Nilibofya kufuta, mashine ikaniambia sina ruhusa. Nikabofya tena. Papa amekaa kwenye kigoda mbele ya printa, anapokea karatasi moja moja, anazigonga kingo mezani zikae sawa, vile alivyokuwa akifanya kiwandani tulipompelekea chakula. Uso wake uko juu kwenye kila karatasi, na tai nyekundu, na yeye anazipanga. Nilishika waya wa umeme nikitaka kuung'oa.

"Acha imalize," akasema. "Kazi haikatwi katikati, inaharibu mtambo."

Tukangoja. Mimi nimeshika waya, Rukiah ameshika mlango, nakala mia zinatoka. Sijawahi kujua printa yangu ni polepole kiasi kile. Ilipomaliza akavaa miwani, akachukua ya juu, akasoma yote. Hakuruka hata majina ya waimbaji. Akaomba kalamu, akasahihisha mwaka wake wa kuzaliwa, nilikuwa nimempunguzia mmoja. Kisha kalamu ikasimama, nikajua imesimama wapi.

"Luzira?" akauliza.

Nikamwambia njia imefungwa. Nikamwambia niliuliza watu wote. Nilisema maneno mengi, unanijua. Akakunja karatasi ile, akaitia mfuko wa shati, akaingia chumbani.

Tangu hapo hajasema nami. Anasema na Rukiah, anasema na wateja, asubuhi alimweleza mama wa ubatizo namna ya kuchagua karatasi nzito. Mimi ananipita. Anatoka, anakwenda mpaka barabarani, anarudi, anatoka tena. Mchana alipanda mpaka karibu na msikiti na kushuka mara mbili. Rukiah alimfuata kwa mbali akijifanya ananunua ndizi, amerudi na ndizi za kutosha arusi.

Kazi 214 imetoka kwenye foleni yenyewe, baada ya kufanya ilichotumwa.

Anselme

*

Eldoret, Ijumaa 13 Juni

Yaya,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nilitaka kukukasirikia nikashindwa. Nitakuambia kwa nini.

Siku ile uliponipigia nikakata simu, sikukata ili nilie. Nilikata nimpigie Ambroise wa malori, jina moja na Papa, yule aliyehamisha vitu vyangu. Nilimuuliza kuhusu jeneza. Akaniambia yale yale uliyoambiwa wewe. Nikakaa nalo. Nilingoja wewe useme kwanza, ili nikulaumu. Katika barua iliyopita nilikulaumu, na nilipokuwa nakulaumu nilikuwa najua.

Mwambie hivyo. Usimweleze habari za njia tena, amezisikia. Mwambie tu kwamba tuliuliza wote wawili, kila mmoja peke yake, na kila mmoja alimficha mwenzake. Mimi siwezi kutoka hapa mpaka wanafunzi wangu wamalize mitihani. Ningemwambia mwenyewe, ila ukimpa simu ataiweka mezani na kuitazama.

Estelle

*

Kibuli, Jumanne 17 Juni

Estelle,

Nilimwambia Jumamosi, wakati ananyoa ndevu, maana mtu mwenye wembe shavuni hawezi kuondoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Estelle naye?" Nikasema Estelle naye. Akamaliza kunyoa. Akasema, "Basi nipeleke nikapaone."

Nilitaka gari, akakataa, akasema gari ni la wagonjwa. Tukapanda boda mbili. Yake ilitangulia kwa sababu alimhimiza kijana wa watu njia nzima, na mimi nyuma nikipiga kelele wasubiri, nikimeza vumbi lao. Tulipofika nilikuta ameshaamkiana na msimamizi wa makaburi, mzee mmoja anaitwa Akidi, na wameshaanza kubishana juu ya udongo.

Nilidhani nitamshika mkono. Hakunipa nafasi. Alikwenda huku na huku na fimbo, anachoma ardhi, anainusa fimbo. Pale niliponuia mimi alipakataa papo hapo: maji ya mvua yatapita. Mahali pengine palikuwa karibu mno na ukuta. Mahali pa tatu jirani yake angekuwa mtu wa familia moja iliyokuwa na kelele kanisani. Mzee Akidi alianza kufurahi, nadhani wateja wake wengi hawamjibu. Mimi nimekaa kwenye jiwe, natokwa jasho, najiambia huyu ndiye mtu aliyeambiwa apumzike.

Mwisho akafika juu kidogo, mahali ziwa linapoonekana. Akasimama. Akaniuliza nyumbani ni upande gani. Nikanyoosha mkono, na kwa aibu yangu nikaelekeza kwenye gereza la Luzira. Mzee Akidi akaushika mkono wangu kwa upole akausogeza, ng'ambo ya maji, kusini na magharibi. Papa akageuka upande ule akatulia. Siku zote tangu hospitali sikuwa nimemwona ametulia. Waendesha boda walituita, akanyanyua fimbo wangoje.

"Hapa," akasema, "naweza kungoja mpaka njia ifunguke."

Akaitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua, akaweka kidole penye mstari wa mwisho, pale nilipoandika kwamba amepumzika kwa amani.

"Hiki sicho," akasema. "Mimi sipumziki Luzira. Andika nangoja. Na chini yake uandike ninangoja nini, ili wajukuu wasije wakadhani nimefika."

Nikamwambia nitabadilisha. Akasema anajua nitabadilisha, lakini ni leo, naye atasimama nyuma yangu asome. Ndivyo ilivyokuwa. Aliniamuru niondoe neno moja, nirudishe koma, na jina la Mama niliandike kubwa kuliko lake. Tulichapa nakala moja. Akaisoma kwa miwani, akaisoma bila miwani, akaiweka ndani ya Biblia yake, akaenda kumwambia Rukiah kwamba mama wa ubatizo amekuja kuchukua kadi zake, na kwamba watu wa duka hili wanakaa sana.

Kaka yako,
Anselme